Ni Nani Mlinzi wa Msitu?



Tumeulizwa suala na baadhi ya ndugu zetu wanaohudhuria darasa letu hapa Komarock, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Wengi wao ni wana wa Mwambao waliokuja bara kwa kazi, na kila likizo hurejea pwani na visiwani kuwazuru jamaa zao. Wameuliza: "Tukifika Unguja, je, yafaa kuuingia msitu wa Jozani kuutazama tu? Si kupoteza wakati na fedha? Na wazee husema misitu mikongwe ni makao ya mashetani. Je, si kheri kuiepuka?"

Suala hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa; kwa hivyo tumeona tulijibu mbele ya wasomaji wetu wote.

Msitu wa Jozani uko kiasi cha kilomita 35 kusini-mashariki ya mji wa Unguja. Mwaka 2004 msitu huo na sehemu za Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika visiwa vya Zanzibar, na eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 50. Maji ya ardhini yako karibu mno, hata wakati wa masika baadhi ya njia hufurika. Humo mna mitondoo mikubwa na michikichi, na upande wa bahari mna mikoko. Aingiaye asubuhi baada ya mvua huona ukungu mwepesi ungali umetanda baina ya mashina, na jua laingia kwa vipande vipande. Tulipouzuru, wenzetu waliokuwa wakizungumza kwa sauti kubwa njiani walinyamaza wenyewe bila ya kuambiwa na mtu.

Ama sehemu ya kwanza ya suala, jibu lake ni jepesi. Mwenyezi Mungu ametutaka tutembee katika ardhi na tuzingatie namna alivyoanzisha viumbe. Anayeingia msituni akazingatia, akatoka moyo wake umelainika, hakupoteza wakati. Anayeingia kwa kelele, akatoka na picha yake mwenyewe tu, huyo amekwenda kujitazama, na kioo cha nyumbani kingemtosha.

Ama sehemu ya pili, sisi twaamini kwamba majini wako, ni viumbe kama sisi tulivyo viumbe. Lakini hapana msitu wala mbuyu wala pango linalostahiki kupelekewa ubani, wala kuku, wala nadhiri. Haya tumeyasema mara nyingi, na hatutachoka kuyasema.

Lakini hapa ndipo penye uzito, na twamwomba msomaji asitupite haraka. Ndugu mmoja alisema darasani: "Nyinyi masheikh mwatukataza kuogopa mizimu. Vyema. Lakini hofu hiyo ndiyo iliyozuia shoka kwa miaka mingi. Mkishaiondoa, ni nani atakayeulinda msitu?" Neno hili lina haki ndani yake. Tazameni makaya ya Wamijikenda katika pwani ya Kenya. Miti yake ilisalia kwa sababu watu walikatazwa kuikata kwa miiko ya wazee, na baadhi ya misitu hiyo ilitiwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Na imejulikana pia kwamba kila miiko ilipolegea katika nyoyo za vijana, shoka lilikaribia.

Jibu letu ni kwamba hofu ya mizimu ni mlinzi asiyeaminika. Leo hulinda, na kesho huua. Ushahidi uko huko huko Unguja. Kisiwa hicho kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko chui wa bara. Watu waliitakidi kwamba wachawi huwafuga chui na kuwatuma kuwadhuru wenzao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja, na mnyama huyo akaendelea kuuawa miaka iliyofuata, hata leo hapana hakika kwamba yungaliko hata mmoja. Hakuuawa kwa sababu ya njaa ya watu. Aliuawa kwa dhana.

Na kima punju, ambaye kwa asili yake hapatikani popote duniani ila Unguja na vijisiwa vilivyo karibu nayo, alikaribia kupatwa na yayo hayo. Jina lake lenyewe huelezwa kuwa na maana ya sumu, na ilisemwa kwamba mti anaoula hufa. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliichunguza minazi ambayo kima hao hula vidaka vyake, wakaona mavuno hayakupungua kwa sababu yao. Basi tazameni: hofu ile ile iliyoinusuru miti ya kaya ndiyo iliyomwangamiza chui na kumtia kima ubaya. Kitu kisichosimama juu ya ilimu hakijui kimlinde nani na kimdhuru nani.

Mwengine atasema: "Basi yatosha serikali, iko sheria, wako walinzi, na kuna ada ya kuingia." Hatulidharau hilo. Sehemu ya ada hiyo hurudi kwa vijiji vilivyo jirani na kwa wakulima ambao kima hula mazao yao, na hiyo ni insafu, kwani si haki mgeni afurahi na mkulima alipe. Barabarani yaliwekwa matuta ili magari yasiwagonge wanyama, na vifo vikapungua. Lakini kima wengi huishi nje ya mipaka ya hifadhi, katika mashamba ya watu, na mlinzi hawezi kusimama chini ya kila mti usiku na mchana. Sheria humzuia mtu anapoonekana. Asipoonekana, ni nani atakayemzuia?

Hapa ndipo tunaposema: ni amana. Aliyemwondolea mwenzake hofu ya mzimu, ni wajibu wake amwekee mahali pake hofu ya Mwenye kuumba msitu. Akimwacha mtupu, amebomoa ukuta wa udongo bila ya kujenga wa mawe.

Huenda mtu akatuhoji kwa yale yaliyopokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliukata mti ambao watu walidhani ndio wa baia ya Hudaybiya, alipowaona wauendea kusali hapo. Twasema: Umar aliukata mti mmoja kwa ajili ya itikadi iliyoanza kuuzunguka, hakuamrisha misitu ikatwe. Na Mtume (S.A.W.) ndiye aliyeuharimisha mji wa Madina, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe, na ndiye aliyeiwekea hima ardhi ya Naqi'. Basi kuutengea msitu mipaka si bidaa ya Wazungu. Asili yake kwetu ni kongwe. Ajabu ni kwamba twaukumbuka mti uliokatwa na twaisahau miti iliyokatazwa kukatwa.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni ya Unguja peke yake. Maji ya Mzima, yaliyoanza kufikishwa Mombasa kwa mabomba katika miaka ya 1950, hutoka katika mvua na ukungu wa vilima vya Chyulu, unaozama katika mawe ya volkeno na kutokeza chini kama chemchemi. Na sisi wa Komarock twategemea sana bwawa la Ndakaini, lililo chini ya misitu yenye ukungu ya Nyandarua. Siku ambazo mabomba yetu hukauka, tukasimama na madumu mbele ya gari la maji, hapo ndipo tujue kwamba udhu wetu huanzia msituni, mbali na bomba. Anayekata mti huko juu huenda hatujui majina yetu, lakini amelitia mkono birika letu.

Kwa hivyo, ndugu zetu, nendeni Jozani, wala msiogope. Lipeni ada kwa uaminifu na msitafute njia ya kichochoro. Msimlishe kima wala msimkaribie mno kwa ajili ya picha. Msiache taka, msivunje tawi, wala msiandike majina yenu juu ya shina. Waelezeni watoto wenu khabari za yule chui, ili wajue dhana hufanya nini. Na mkirejea, pandeni mti uani au mbele ya msikiti, hata mahali padogo kama hapa kwetu baina ya nyumba na nyumba, kwani Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kila anachokula ndege au mtu au mnyama katika mti uliopandwa na Mwislamu, ni sadaka yake.

Mtu akiuacha mti kwa kuchelea pepo, siku atakapoambiwa pepo hayupo ataukata. Akiuacha kwa kuwa ni amana atakayoulizwa, atauacha hata usiku, hata akiwa peke yake, hata kama shoka limo mkononi. Mlinzi wa namna hii halipwi mshahara, wala halali. Na kazi ya kumlea iko juu yetu sisi tunaofundisha, kabla ya kuwa juu ya serikali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wanaosikia neno na kulifuata lililo bora. Amin.