Haki ya Mfanyakazi katika Nuru ya Mchana

Amma baad. Mwenye kwenda Mukuyuni, katika Makueni, siku ya soko, huona neema ambayo hakuna aihesabuye: muuza maembe na muuza nguo wako nje, jua li juu yao, nao wajua bila ya saa kuwa adhuhuri imekaribia. Jina la mahali penyewe ni la mti, mkuyu, na chini ya mkuyu mna kivuli. Lakini kivuli si giza. Vijana wa bara waendao Nairobi kutafuta riziki, pamoja na wa kwetu pwani, wako waishiao katika maduka ya chini ya ardhi, khaswa Eastleigh, katika vibanda visivyo na dirisha hata moja. Huingia asubuhi, hutoka adhana ya magharibi imekwisha pita.

Twaambiwa: taa si zipo? Zipo. Lakini mwangaza wa taa za duka ni kadiri ya lux 300 hadi 500, na jua la adhuhuri lakaribia lux 100,000. Jicho laona kwa zote mbili, mwili haudanganyiki. Mnamo 2002 wataalamu walibainisha kuwa ndani ya jicho mna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwangaza na kuupasha ubongo habari za mchana na usiku. Saa hiyo ya mwili, kwa watu walio wengi, yazidi kidogo saa 24, na nuru ya asubuhi ndiyo iirekebishayo kila siku. Aliyeikosa, usingizi wake huchelewa, huamka mzito, na moyo huweza kuingiwa na dhiki asiyoijua ilikotoka. Tena vitamini D ngozi huifanya kwa jua lenyewe. Taa za duka hazifai kwa hilo, wala jua lipitalo kiooni.

Surat An-Nabai imetaja usiku na mchana, kila mmoja kwa kazi yake, na nyakati za Sala zimefungamana na mwendo wa jua, si na mshale wa saa. Ajabu iliyoje basi, tajiri wa Kiislamu, mtoa zaka, amfungie kijana muda wa saa 12 mahali asipoona kivuli chake, na akitaka kwenda kusali aambiwe asali hapo nyuma ya marobota! Atasema sheria haikumkataza. Na kweli, sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 yataka mwangaza wa kutosha, uwe wa jua au wa taa. Lakini haki za waja hazikomei pale ikomeapo serikali.

Tutakayo ni mepesi: kijana apewe nusu saa nje asubuhi, adhuhuri aende msikitini kwa miguu, na watu wapokezane, wa chini apande na wa juu ashuke. Kodi ya duka la juu ni ghali, twajua. Wala hatukusema wahame. Wazee wetu wa Lamu, pamoja na kuta zao nene za mawe, waliacha kiwanda kilicho wazi juu, mwanamke akapata jua lake humo hali amesitirika. Basi na dada zetu wauzao katika vibanda hivyo wasisahauliwe, kwani wao hata jua la njiani huwafikia usoni na mikononi tu.