Pumzi Humtambulisha Mtu

Mwaka 2025, watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walitangaza kwamba waliwavalisha watu 97 kifaa chenye mirija ya puani na kurekodi pumzi zao kwa saa 24. Kompyuta iliwatambua kwa pumzi tu, kwa usahihi wa asilimia 96.8.

Usiku nao ulifichua mambo. Aliyelala hawezi kuigiza. Wenye alama za juu kwenye hojaji ya wasiwasi, ingawa hawakuwa wagonjwa, walivuta pumzi fupifupi usingizini, na vituo kati ya pumzi vilibadilikabadilika.

Je, wasiwasi hufupisha pumzi, au pumzi fupi huzaa wasiwasi? Hilo halijathibitishwa. Noam Sobel, mmoja wa watafiti hao, na wenzake wanataka kujua kama mtu akifundishwa kupumua kama watulivu, naye atatulia.