Usikifunge Kitabu



Mzee mmoja wa usharika wetu alijifunza kusoma akiwa na mvi. Alipokwisha kununua Biblia, alianza mwanzo kabisa. Kitabu cha Mwanzo alikisoma kwa furaha, na cha Kutoka pia, hata alipofika katika Mambo ya Walawi, penye sheria nyingi za dhabihu, na damu, na mafuta. Akanijia akisema, "Mchungaji, hapa sioni njia." Siku ile nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Ruka tu, Mzee," nikaenda zangu. Baada ya miezi michache nilimtembelea, nikaikuta Biblia yake imefungwa kwa kitambaa, imewekwa sandukuni. Akaniambia ya kuwa kitabu hiki ni cha wenye elimu. Moyo wangu ulinichoma, maana kosa lilikuwa langu.

Kumbukeni habari za yule Mkushi katika Matendo ya Mitume, mlango wa 8. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kutunza hazina yote ya malkia wake, naye alikuwa akirudi kutoka Yerusalemu kwa njia ya Gaza. Garini mwake alisoma maneno ya nabii Isaya, wala hakuyafahamu. Lakini hakukifunga kitabu. Filipo alipomkaribia alimsikia akisoma, akamwuliza kama yanamwelea. Naye, pamoja na ukubwa wake, hakuona haya kukiri ya kuwa ahitaji mtu wa kumwongoza. Ndipo Filipo akaanza kwa andiko lile lile, akamhubiri Yesu. Angalieni sana jambo hili: neno lililomshinda ndilo lililokuwa mlango.

Hata Martin Luther aliijua taabu hii. Mwaka 1545, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliandika jinsi Paulo anavyonena juu ya haki ya Mungu katika Warumi 1:17, na jinsi neno hilo lilivyomwudhi zamani hata akalichukia. Alikuwa mtawa na mwalimu wa Maandiko, wala elimu yake haikumwondolea taabu ile. Lakini alilitafakari mchana na usiku, hata akaona ya kuwa ni haki ambayo Mungu humpa mwenye dhambi kwa imani.

Basi, wewe uliyeanza kusoma, anza na Injili ya Marko, yenye milango 16 tu. Ukikuta neno gumu, tia alama, uendelee mbele. Lakini usilisahau, bali umwulize mwalimu wako. Nanyi walimu, msione haya kusema, "Bado sijui, na tutafute pamoja."

Mzee yule nilimwomba radhi. Tukaketi barazani kwake, tukasoma Walawi mlango wa 16, jinsi kuhani mkuu alivyoingia patakatifu mara moja kila mwaka na damu ya wanyama. Kisha tukafungua Waebrania mlango wa 9, panenapo ya kuwa Kristo aliingia mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe. Mzee alinyamaza kitambo, halafu akaomba tusome tena tangu mwanzo. Yako mengi ambayo bado hayajamwelea, wala mimi hayajanielea yote. Lakini Biblia ile hairudi tena sandukuni.

Roho Mtakatifu na awe mwalimu wetu sote. Amina.