Desemba ya Kukaa Mkekani

Shule zikifungwa Desemba, mitaa ya Kipawa, Dar es Salaam, hubadilika sauti. Kuanzia Karakata hadi kando ya uzio wa uwanja wa ndege, asubuhi hazina tena mbio za sare na mabegi. Watoto wapo nyumbani, na mchana kutwa utawasikia wakicheza rede, wakigombea zamu ya mdako, wakiitana kombolela jua likishuka. Joto linabana. Embe zimejaa kwenye meza za akina mama barabarani, na palipo na mkrismasi, maua yake mekundu yameshafunika matawi. Ndege zinapita chini kiasi cha kukatisha maneno; watu wananyamaza kidogo, kisha wanaendelea pale walipoachia.

Ni mwezi ambao wazazi tunawaona watoto wetu. Wengi wetu huku ni watu wa kuondoka gizani. Anayefanya kazi Posta, anayefungua fremu Kariakoo, anayeingia zamu katika viwanda vya Barabara ya Nyerere, wote wanaijua Tazara ilivyo saa kumi na mbili asubuhi. Daraja la Mfugale, lililofunguliwa hapo mwaka 2018, lilitupunguzia foleni, lakini jioni zetu hazijarefuka. Bado tunarudi na kumkuta mtoto amelala. Kwa hiyo mwaka karibu wote mzazi na mwanawe wanajuana kwa maagizo: umeoga, umekula, daftari la hesabu liko wapi. Kisha inaingia Krismasi, tarehe 25 na 26 zinafuatana zikiwa siku za mapumziko, na ghafla tupo wote nyumba moja, mchana, bila saa ya kuondoka.

Wengi tunaanzia Kariakoo, kuwanunulia watoto zawadi, nami sina ugomvi na hilo. Mtoto anayevaa gauni jipya asubuhi ya sikukuu, akapita nyumba kwa nyumba kusalimia, ana furaha ya kweli na anastahili kuwa nayo. Lakini nimeona mara nyingi gari la rimoti likinyamaza kabla ya Mwaka Mpya, na nyumbani hakuna anayejua ndani yake kuna nini ili alifufue. Linawekwa juu ya kabati. Mtoto analitazama siku mbili, ya tatu amelisahau.

Ninaloliamini ni kwamba sikukuu ya mtoto hujengwa na kile mnachokitengeneza pamoja, kuliko kile unachomletea. Silisemi hili kwa ajili ya kubana matumizi, ingawa Januari ina ada na madaftari yake. Nalisema kwa ajili ya mazungumzo. Mkalishe mtoto umuulize, "Shule inaendaje?" Atakujibu, "Nzuri." Muulize tena, atakujibu hivyo hivyo. Mpe kazi ya mikono, nawe ushike upande wa pili wa kazi hiyo hiyo, kisha usimuulize kitu. Atasema mwenyewe.

Chukua vitumbua vya asubuhi ya Krismasi, ambavyo hapa mtaani hupikwa asubuhi ya Idi pia, na sahani zake huvuka uzio kwa zamu. Mchele unalowekwa usiku. Alfajiri mtoto mmoja anakaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Mara ya kwanza atasukuma kwa nguvu zote, na nazi itatoka mabonge mabonge. Unamwonyesha: kizungushe kifuu kidogo kidogo, mkono uwe mwepesi, ukifika kwenye ngozi ya kahawia uache, tui lisije likapoteza weupe wake. Mchele unasagwa na tui, iliki na sukari vinaingia, hamira inaingia, kisha sufuria inafunikwa kwa kanga na watu wanasubiri uji uumuke.

Kusubiri huko ndiko ninakokupenda. Mkono umechoka, jiko linafuka, hakuna la kufanya. Hapo ndipo mtoto anapokwambia kwamba rafiki yake wa dawati moja anahamia Chanika na hatamwona tena. Anapokwambia kwamba anaogopa kwenda chooni peke yake shuleni. Mambo haya yalikuwepo tangu Agosti, lakini hayakuwa na mlango wa kutokea. Uji ukishapanda, chuma cha vitumbua kinawekwa juu ya mkaa, kila kishimo tone la mafuta, upawa unamimina usifike juu kabisa. Vitundu vidogo vikianza kutokea, unachomeka kijiti pembeni na kugeuza. Cha kwanza hung'ang'ania chuma na kuchanika. Kwetu kinaliwa na aliyekigeuza, naye hupewa kwa heshima zote.

Baba naye ana zake. Dumu la mafuta ya kula la lita 5, lililokwisha na kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, likikatwa ubavu linakuwa bodi ya lori. Matairi yanatoka kwenye ndala zilizokatika. Unaweka mfuniko wa chupa juu ya soli, unauzungushia kalamu, unakata taratibu kwa wembe au kisu kikali. Kazi hiyo ni ya mkubwa. Tundu la katikati linatobolewa kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko, na mtoto anashikilia upande ulio mbali na moto. Ekseli ni spoku ya baiskeli kutoka kwa fundi wa kona, naye mara nyingi hukataa kupokea hela akisikia ni ya nini. Lori la kwanza huenda upande, kwa sababu matundu hayakulingana. Baba na mwana wanalala kifudifudi sakafuni kutafuta kosa liko gurudumu gani. Nilimwona jirani yangu, mtu mzito wa maneno, akiwa katika hali hiyo na binti yake wa darasa la tatu, wakibishana kuhusu ekseli ya nyuma kama mafundi wawili wa gereji moja. Sijawahi kumsikia akizungumza kwa urefu ule.

Na lori hilo likiharibika, mtoto analitengeneza. Anajua kila kipande kilipotoka. Huo ni umiliki wa aina nyingine kabisa, na naona unamfanya mtoto asimame tofauti mbele ya vitu vingine vinavyoharibika duniani.

Nchi hii iliwahi kuliweka jambo hili katikati ya fikra zake. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zisimtenge mtoto na kazi za watu wake. Mengi ya waraka ule yalikwenda yalivyokwenda, na shamba la shule katika sehemu nyingi liligeuka kuwa adhabu ya watoro. Bado nadhani msingi wake ulikuwa sahihi: akili ya mtoto hukua pia kupitia vidole. Leo tunamtuma tuisheni Desemba nzima, anarudi na mazoezi mengine kumi ya Kiingereza, na hajui kushona kifungo cha shati lake. Sikatai mazoezi. Naomba tu asubuhi mbili tatu kwa wiki ziachwe huru.

Humu humu jijini tuna mfano ambao tungeusimulia zaidi kwa watoto. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akapita Tanga, akafika Dar es Salaam kutafuta maisha. Mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya kupaka baiskeli. Hakuwa na turubai wala brashi za kigeni. Alikuwa na vilivyopatikana dukani. Michoro yake ya chui, ndege na tembo iliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, ikapata wanunuzi. Na aliowafundisha walikuwa ndugu na jamaa zake, nyumbani, kwa kukaa naye na kumtazama mkono. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo, lakini uchoraji ule haukufa naye, kwa sababu ulikuwa umeshaingia kwenye mikono ya familia. Shule yake ya kwanza ilikuwa baraza la nyumba.

Nawasikia wa rika langu na walionitangulia wakisema: sisi tulicheza na makopo kwa sababu dukani hapakuwa na kitu. Ni kweli, na anayeikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, foleni za sukari, sabuni na kanga, hawezi kuipamba dhiki ile. Mama aliyeshona gauni la sikukuu kutokana na pazia hakuwa akifanya mchezo. Alikuwa akizuia aibu mlangoni. Sitamani watoto warudi kule. Mzazi anayesema, "Mwanangu hatacheza na dumu, nimelihangaikia hilo," namwelewa na namheshimu. Ila namwomba atazame alichobakiwa nacho kutoka utoto ule. Mtu akiulizwa zawadi gani anaikumbuka, mara nyingi hutaja kitu kilichotengenezwa, na hutaja aliyekitengeneza naye: mjomba aliyemsaidia kufunga mpira wa manailoni, dada aliyemshonea mdoli kwa mabaki ya vitambaa vya fundi. Dhiki imepita na watu hao wamebaki. Leo tunaweza kuuchagua ukaribu ule bila kulazimishwa na rafu tupu za duka.

Mti wa Krismasi nitautaja kwa kifupi, maana kila nyumba ina namna yake: tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, pamba kidogo, minyororo ya karatasi za daftari la mwaka jana iliyogundishwa kwa uji wa ngano. Muda wote wa kukata vipande hivyo unatosha kupitia hesabu, imla na michoro ya mwaka mzima, na mtoto kukuonyesha alipopata vema zote.

Lakini Kipawa ina jambo lake jingine linaloifanya Desemba iwe nzito kidogo. Upanuzi wa uwanja wa ndege uliwahamisha watu wengi hapa. Tathmini ya nyumba ilifanyika mwaka 1997, fidia ikaja zaidi ya miaka kumi baadaye, na familia zikatawanyika, nyingi zikielekea upande wa Pugu na Buyuni. Jengo la tatu la abiria lilifunguliwa mwaka 2019. Watoto wa leo wanaonyeshwa kwa kidole, ng'ambo ya uzio, mahali ulipokuwa mwembe wa babu yao. Kwa hiyo likizo kwa wengi ni safari ya daladala kwenda kwa bibi, ambaye zamani alikuwa nyumba ya tatu na sasa ni nusu siku ya barabara.

Mama yangu ni mmoja wa waliokwenda huko. Mwanangu akifika na kutoa shikamoo, bibi humwitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," humpa maji, na kabla hajauliza habari za mjini humwekea miyaa mapajani. Anamfundisha kusuka ukili. Vidole vidogo huanza kwa kuchanganya, mwaa wa juu unapita chini, wa chini unapotea, bibi anafumua bila kusema neno na kumrudishia. Wanakaa hivyo mkekani hadi jua liwaondoe, kisha wanahamia upande wa pili wa nyumba. Katika kusuka huko mtoto amesikia habari za Kipawa ambazo mimi mwenyewe sikuzijua: nani alichimba kisima, nani alikuwa na redio ya kwanza, harusi ipi ilinyeshewa. Nyumba ile haipo, lakini bibi anaweza kuitembeza chumba kwa chumba huku mikono ikifanya kazi.

Safari hii mwanangu alirudi na ukili wake umeviringishwa ndani ya begi, bado mfupi. Bibi ameagiza ufike pima nne ifikapo Pasaka, ili uungwe na wake na watoke na mkeka mmoja. Miyaa tumeinunua Buguruni. Shule zimeshafunguliwa, nami nimerudi kwenye kuondoka gizani, lakini Jumapili baada ya kanisa tunakaa, na kwa kuwa mimi sikuwahi kujifunza kwa mama yangu, anayenionyesha mwaa upi upite juu ni mwanangu.