Ati Ni Katuni Tu?

Wapendwa, mtoto akisumbua tunampa simu. "Wacha atazame, ni katuni tu." Katuni gani?

Mwaka 1943 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa katuni ya Tex Avery, Red Hot Riding Hood. Hadithi ni ile ya msichana wa kofia nyekundu, ila hapa anaimba katika klabu ya usiku, mbwa mwitu amevaa suti anamtamani, na nyanya naye anamkimbiza mbwa mwitu akitaka mapenzi! Huo ni utani wa watu wazima, na mtoto ataona tu hadithi anayoijua. Yesu alionya juu ya ngozi ya kondoo (Mathayo 7:15).

Mzazi, leo jioni mwambie akuonyeshe alichotazama jana. Tafadhali, usianze na kiboko.