Mume Naye Apimwe

Wazee hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni "tupa uchawi". Mji umelishika jina hilo, walakini liko jambo moja ambalo katika nyumba nyingi za Ufipa, na si za Ufipa peke yake, hutafutiwa mchawi kabla ya kutafutiwa tabibu: ni nyumba isiyopata mtoto. Mwaka wa kwanza watu hunyamaza. Mwaka wa pili mama mkwe huanza kuuliza. Mwaka wa tatu mke huonekana njiani, leo Namanyere, kesho Laela, akiwaendea waganga wa mizizi, naye mume amekaa barazani kana kwamba shauri si lake.

Shauri ni lake. Shirika la Afya la Dunia lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Madaktari nao wanakubaliana kwamba katika karibu nusu ya ndoa zisizozaa, sababu, au sehemu ya sababu, iko kwa mwanamume. Huenda ni kisonono kilichoachwa bila kutibiwa, au matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani zama za ujana, au mishipa ya damu iliyovimba huko. Na mara nyingine sababu haionekani kabisa. Mume aweza kuwa na nguvu zake zote, na mbegu zake zikawa chache au zisiwepo. Hapa lugha yetu yenyewe yatupoteza. Kwa mwanamke twasema tasa. Kwa mwanamume neno linalotangulia ulimini ni hanithi, nalo ni jambo jingine kabisa. Basi mume haogopi kipimo, aogopa jina. Na tusidhani kwamba Maandiko yamemwachia mwanamke peke yake mzigo huu: Kumbukumbu la Torati, sura ya 7, linapoahidi baraka ya uzazi, lamtaja mume tasa, ndipo lamtaja mke tasa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, hutenga mambo hayo mawili barabara. Kutoweza tendo la ndoa, kukiwa kwa daima na kumetangulia arusi, huibatilisha ndoa. Utasa haukatazi ndoa wala haubatilishi. Kwa hiyo wazazi wanaomwambia binti yao arudi nyumbani kwa kuwa "hapana ndoa pale" wanasema lisilo kweli, na ndugu wa mume wanaomtafutia mke wa pili vilevile. Ila kanuni hiyohiyo inakumbusha ya 1098, juu ya hila. Mwanamume aliyejua hali yake kabla ya arusi, akaificha kwa makusudi ili akubaliwe, huyo ana neno la kujibu.

Tuwaze mume na mke wakulima wa mahindi na maharage, kijiji kimoja cha uwandani, wenye miaka sita ya ndoa. Mke amepimwa mara tatu, mume hata mara moja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tumezoea kuwaambia methali hiyo akina mama. Siku hizi yafaa tuwageuzie akina baba. Mume huyu amekubali hatimaye, amekwenda hospitali, na jibu limetoka: mbegu ni chache mno. (Anayehofu kuvunja amri kwa namna ya kutoa mbegu za kupimwa na amwulize padre na daktari, iko njia ya kuzipata kutokana na tendo la ndoa lenyewe.) Wafanyeje sasa?

Kwanza watibiwe, tena kwa moyo mweupe. Kutibu maambukizi, kupasua mishipa iliyovimba, kusahihisha homoni, kuacha tumbaku: hayo yote ni uganga halali, sawasawa na kutibu malaria. Kanisa katika Ufipa halikuanza jana kupenda dawa. Adrian Atiman, mtoto wa Sudani ya Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomea uganga Malta, alitibu watu Karema tangu miaka ya 1880 hata alipofariki mwaka 1956, akiwa tabibu na katekista pamoja. Hospitali ya jimbo pale Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Ikibidi rufaa, ni safari ya zaidi ya kilometa 300 hata Mbeya, na nauli ni ya watu wawili, si ya mke peke yake. Kisha wawe na saburi. Mwili huchukua karibu miezi mitatu kuzikamilisha mbegu mpya. Anayeanza dawa wakati wa kupanda mahindi, mwezi wa Desemba, asitazamie habari njema kabla ya Machi.

Tuseme dawa imeshindwa. Hapo ndipo watu wa ukoo hunong'ona shauri la kale: ndugu wa mume aingie usiku, mtoto apatikane, siri ifunikwe. Wengine huliita msaada. Sisi twaliita zinaa iliyopangwa na kikao. Na mbegu ya mtu mwingine ikiletwa na daktari, ijapokuwa hapana aliyeingia nyumbani, bado mtu wa tatu ametiwa kati ya wawili, na mtoto amenyimwa tangu mwanzo kumjua aliyemzaa.

Shauri gumu kuliko hilo ni la mbegu ya mume mwenyewe. Tangu mtoto wa kwanza wa namna hiyo alipozaliwa Uingereza mwaka 1978, madaktari huliunganisha yai na mbegu nje ya mwili; na tangu 1992, huko Brussels, wameweza kuichoma mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, jambo linalomfaa hasa mume mwenye mbegu chache. Kampala na Nairobi hufanya hivyo. Mume na mke wetu watauliza: mbegu ni yake, yai ni langu, dhambi iko wapi?

Swali ni la haki, wala halijibiwi kwa kukemea. Papa Pio wa XII, akisema na madaktari mwaka 1949, hakukataa msaada unaolifikisha tendo la ndoa kwenye kikomo chake. Alikataa kuliondoa na kuweka jingine mahali pake. Hati ya Roma ya mwaka 1987, Donum Vitae, ilishika mstari huo. Kwa maabara mtoto hutokana na kazi ya fundi, na kazi ya fundi huchagua: viumbe kadha hufanyizwa, mmoja hupandikizwa, wengine hugandishwa au hutupwa. Hilo la pili lamshitua hata asiye Mkristo. La kwanza ni gumu kuelewa, twakiri. Lakini hatuoni jinsi mtu anavyoweza kuagiziwa katika chombo pasipo kuanza kukaguliwa kama bidhaa. Mtoto aliyezaliwa hivyo ni mtoto kamili, abatizwe, wala asitajiwe habari hizo kwa dharau.

Kwa mume na mke wetu, basi, yawezekana mlango huo ufungwe na mwingine usifunguke. Hatutawaambia kwamba ni jambo dogo. Wala tusiwatupie neno la kulea watoto wa wengine kama senti ya kuwanyamazisha. Wapewe muda wa kulia. Wakiamua wenyewe kulea, wafanye kwa sheria. Katika koo zetu mtoto wa ndugu hupewa kwa mdomo tu, akasomeshwa, akavikwa, akawa wa nyumba. Kisha siku posa inapoletwa baba wa damu hujitokeza kudai mahari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka amri ya mahakama, na mwenye amri hiyo mkononi hajibizani na mtu.