Kupenda na Kutwaa

Twataka kuuliza swali moja: mtu akipenda kitu kizuri, yampasa kukitwaa kiwe chake, au kukilinda kisiwe chake? Tusijibu kwanza, bali tuzitazame habari za ndege wawili.

Yuko ndege wa jamii ya tai aishiye kwa samaki. Si yule wa maziwa yetu aliaye kwa sauti kuu. Huyu ni mdogo kidogo, naye ana mstari mweusi upitao jichoni. Tutamwita tai mvuvi. Katika nchi ya Uskoti watu walimwinda na kuyaiba mayai yake, hata mwanzoni mwa karne ya 20 akawa kama ametoweka kabisa. Lakini mwaka 1954 jozi moja ilirudi, ikajenga karibu na ziwa la Garten.

Desturi yao ni hii. Mwezi wa Aprili dume na jike, ambao hawakukaa pamoja wakati wa baridi, hukutana tena penye kiota kile kile juu ya msonobari. Jike hutaga mayai 2 au 3 na kuyaatamia siku kama 37, naye dume huvua na kumletea chakula. Makinda hukaa kiotani majuma 7 au 8. Mwezi wa Agosti mama hutangulia kuondoka. Baba hubaki akiwalisha. Kisha kila kinda hushika safari peke yake, pasipo kuonyeshwa njia, hata afike Senegali au Gambia.

Mwaka 1958 walinzi walikificha kiota kile wakakesha. Hata hivyo usiku mmoja mtu akapanda mti. Alipofukuzwa, mayai yalianguka yakavunjika, na kiotani yakakutwa mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu. Je, mtu yule aliwachukia ndege? Hatudhani. Hakuja kwa njaa wala kwa chuki. Wakusanyaji wa mayai huyaona kuwa mazuri, nao huyataka kwa sababu hiyo. Basi hata kupenda kwaweza kuharibu, kukiwa na mkono mwepesi wa kutwaa.

Na sisi tusimhukumu upesi. Tulipokuwa wavulana tulipanda miti tukayatwaa mayai ya ndege kwa furaha. Tulipofika nyumbani yalikuwa yamepoa, wala hatukujua tuyafanyie nini.

Mwaka 1959 George Waterston, wa Chama cha Kifalme cha Kulinda Ndege, alifanya neno ambalo wengi waliliogopa. Aliacha kuficha, akawakaribisha watu waje kutazama kwa mbali kwa darubini. Wakaja watu kama 14,000, na makinda 3 wakaruka. Walakini walinzi hawakulala. Kuwaamini watu si kuacha kukesha. Ila siri ilikuwa na walinzi wachache, na sasa kila aliyeona alipata kuwa mlinzi. Leo jozi za ndege hawa katika Uingereza zimepita 200.

Tena tufikiri neno hili. Mlinzi akesha tangu Aprili hata Agosti, na ujira wake ni kukiona kiota kitupu. Makinda aliowalinda hawamjui, nao wamekwenda mbali asikoweza kuwafuata. Huko pwani ya Afrika ya Magharibi maisha yao yamo mikononi mwa mvuvi asiyemjua mlinzi yule. Naye akiwaacha wavue kwa amani, amekuwa mwenzake katika kazi moja.

Kwa hiyo twajibu hivi: atwaaye hupata kitu kwa siku moja, naye alindaye hukipoteza kila mwaka, lakini kitu chenyewe huishi. Sisi tulio wazazi na walimu twalijua jambo hili, maana watoto tuwaleao, twawalea ili waondoke. Tusihuzunike siku ya kuondoka kwao kana kwamba tumeibiwa.